Filamu za Biblia: Nani ajaze palipo kimya?

Filamu ya Mel Gibson kuhusu ufufuo wa Yesu inatarajiwa kuingia kwenye kumbi za sinema mwaka 2027, ikiwa na sehemu mbili. Mabishano huenda yakaanza kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2004 kwa The Passion of the Christ, iliyogharimu takriban dola milioni 30 na kuingiza zaidi ya milioni 600. Makanisa yalinunua tiketi kwa wingi, huku viongozi wa Kiyahudi wakilalamika kwamba inachochea chuki dhidi ya watu wao.

Wapo wanaodhani Wakristo huchukizwa na sinema yenyewe. Yaliyotokea Afrika Mashariki yanaonyesha vingine. Filamu ya Jesus ya mwaka 1979, inayofuata Injili ya Luka, imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo, na ni wahubiri wenyewe walioizungusha vijijini kwa gari, jenereta na shuka jeupe. Aliyeigiza Yesu, Brian Deacon, ni Mwingereza. Waumini wengi wakifumba macho kusali, huyo ndiye wanayemwona.

Kinachowagawa ni nyongeza. Kisa cha Nuhu kimechukua sura nne tu za Mwanzo, na Nuhu mwenyewe hatamki neno mpaka gharika imekwisha. Darren Aronofsky, katika Noah ya mwaka 2014, alikuwa na zaidi ya saa mbili za kujaza. Akaweka malaika walioanguka wenye miili ya mawe, na Nuhu anayeinua kisu juu ya wajukuu wake wachanga. Watangazaji wa Kikristo wa Marekani walipokuja juu, kampuni ya Paramount iliongeza maelezo kwenye matangazo kwamba mtunzi amejipa uhuru wa kisanii. Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu ziliipiga marufuku kwa sababu nyingine kabisa: Uislamu haukubali mitume kuigizwa.

Sasa itazamwe The Chosen. Tamthilia hiyo imeongeza mengi: Mathayo mwenye dalili za usonji, Simoni aliyeelemewa na deni la kodi. Hayo hayamo katika Injili. Lakini waumini walichanga zaidi ya dola milioni 10 ili msimu wa kwanza utengenezwe. Dallas Jenkins, mwanzilishi wake, ni Mprotestanti wa kiinjili. Aronofsky hakutoka katika kundi lao. Kumbe kipimo kimekuwa nani ameongeza, si nini kimeongezwa.

Kipimo hicho ni dhaifu, hasa katika ukanda huu, ambako mtu anaweza kuiona filamu miaka mingi kabla ya kuisoma Injili. Na katika vibanda umiza yupo pia mfasiri mwenye kipaza sauti, anayetia maneno yake pale mazungumzo yanapomkwama. Hadi hapo, kisa kimoja kina waandishi watatu, na mtazamaji hajui nani kasema lipi.

Mtunzi asiyeaminiwa huchunguzwa neno kwa neno. Anayeaminiwa hupita. Mchungaji atakayefunga projekta kanisani Ijumaa Kuu ana kazi moja zaidi: kuisimamisha filamu katikati, pale Simoni anapodaiwa kodi, na kuwaambia waumini kwamba hilo Luka hakuliandika.