TUSIKIMBILIE KUNUNUA GIABOKSI

Ndugu wanaushirika, gari letu la otomatiki halipandi gia, na wapo wanaosema giaboksi imekufa. Sisi tunasema ngojeni kwanza! Gari hili si kama lori la zamani. Sensa hupima mwendo na jinsi dereva anavyokanyaga mafuta. Kompyuta ikishapata habari hizo hupeleka umeme kwenye solenoidi, yaani vali ndogo zinazofungulia oili ikabane klachi za gia inayotakiwa. Waya mmoja tu ukila kutu, kompyuta yaweza kung'ang'ania gia moja ili kulinda giaboksi. Sasa giaboksi mpya itatibu waya? Ipimwe oili, zikaguliwe waya, gari lisomwe kwa mashine, hata ikibidi kulivusha Mwanza. Fundi atuonyeshe majibu kabla hajashika spana.