UFUNDI WA NYUMBANI: Gari la zamani hufufuliwa kuanzia chini



Juma hili safu yetu inashughulikia kazi ambayo wengi huianza kwa furaha na wachache huimaliza, nayo ni kulifufua nyumbani gari la spoti la zamani. Ili tusizungumze juu juu, tutachukua mfano wa gari moja lenye jina katika Afrika ya Mashariki, yaani Datsun 240Z.

Gari hili la viti viwili liliundwa na kampuni ya Nissan ya Japani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973. Wazee waliosimama kando ya barabara za vumbi kutazama mashindano ya Safari hawana haja ya kuelezwa sifa zake. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953, na hapo mwanzo yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa katika 240Z, na gari lililofuata lilikuwa la aina hiyohiyo, dereva wake akiwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe kushinda, akiwa pamoja na Lofty Drews. Tope, mawe na mito havikuliweza gari hilo. Kilichoyaweza mengi ya aina yake, baada ya mbio kwisha, ni kutu.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Mtu anunuapo gari la namna hii hutamani kuliona liking'aa, basi huanza na rangi. Hilo ni kosa la gharama kubwa. Lori lina fremu nzito ya chuma, na bodi hukaa juu yake. Gari la 240Z halina fremu ya namna hiyo; bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, magurudumu na abiria. Sakafu, na mihimili iliyo chini ya milango, ndiyo mifupa yake. Mifupa ikioza, rangi nzuri huwa sawa na kanzu mpya juu ya donda.

Kutu ya gari hili huanza mahali pasipoonekana. Maji ya mvua huingia katika matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo, na njia za kuyatoa zikizibwa na majani na vumbi, maji hayo hukaa ndani ya bati. Asidi ya betri hudondoka na kula kibati kinachoibeba. Tope hujificha ndani ya madigadi na nyuma ya magurudumu, likabaki na unyevu wake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, chukua sumaku iliyofungwa katika kitambaa laini, bisibisi na tochi. Pitisha sumaku juu ya bati; pale inapokataa kunata, ujue pamezibwa kwa pati. Lala chini, ugongegonge sakafu kwa mpini wa bisibisi; chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kadibodi. Mwisho, tazama nafasi iliyo kati ya mlango na bodi, kisha inua gari kwa jeki. Nafasi hiyo ikibadilika, au mlango ukikataa kufunguka, mihimili imekwisha. Gari hilo lifae kutolewa vipuri, wala si kufufuliwa na mtu wa mshahara.

Tunalisema hili la mshahara kwa makusudi. Mwaka 1970 gari hilo liliuzwa jipya Marekani kwa dola 3,526. Katika miaka ya 1990 Nissan yenyewe ilinunua huko magari ya 240Z yaliyochakaa, ikayatengeneza upya na kuyauza kwa bei iliyokaribia dola 25,000 kila moja. Hata hivyo mpango huo ulikomeshwa kabla magari hayajafika 50, kwa kuwa gharama za kuyafufua zilikuwa kubwa mno. Ikiwa kampuni yenye viwanda na mafundi ilielemewa, baba wa nyumba asidhani kwamba atapata faida. Afanye kazi hii kwa kuipenda, na kwa kiasi cha fedha walichokubaliana yeye na mama wa nyumba kila mwezi. Karo za watoto, chakula na kodi ya nyumba visiguswe. Mwezi usipokuwa na ziada, gari lingoje. Limekwisha kungoja miaka mingi.

Sasa tutazame utaratibu wa kazi yenyewe.

Kwanza, tafuta banda lenye paa, sakafu ngumu na mlango wa kufungwa. Bati lililokwaruzwa rangi likinyeshewa usiku mmoja tu, asubuhi hulikuta limeanza kuwa jekundu.

Pili, livue gari kwa utaratibu. Kila kipande kipigwe picha kwa simu kabla ya kufunguliwa. Nati na bolti zake zitiwe katika kifuko chenye maandishi ya mahali zilipotoka, na habari hiyo iandikwe katika daftari. Usitegemee kumbukumbu, kazi hii huchukua miaka, na kibolti ulichokijua leo, mwakani kitakuwa mgeni kwako. Magari mengi yaliyoachwa njiani hayakushindikana kwa ugumu wa ufundi, bali kwa masanduku ya vyuma visivyojulikana vinakwenda wapi.

Tatu, tengeneza bodi. Kata kutu mpaka ufike kwenye chuma kizima, kisha uchomelee bati jipya lenye unene uleule. Kabla ya kukata mihimili ya chini, chomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, nawe ushughulikie upande mmoja hadi umalizike ndipo uuendee wa pili. Asiyefanya hivyo bodi hujikunja, na milango haifungi tena. Ikiwa hukufunzwa kuchomelea, mlipe fundi aliyefunzwa. Hapa si mahali pa kujaribia mkono, maana siku ya ajali maungo hayo ndiyo yatakayosimama kati ya mauti na walio ndani.

Nne, shughulikia breki na usukani. Gari hili lina breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Mipira yote ya breki ibadilishwe hata kama kwa macho ni mizima, kwa sababu mpira huzeeka kwa ndani. Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu wa hewa, hivyo yaliyokaa miaka yamwagwe yote. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kamwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lainingi za miaka ile aghalabu zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukifunge kitambaa hicho katika mfuko na kukitupa.

Tano, ndipo uiendee injini. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393, nayo hulishwa na kabureta mbili. Injini iliyolala muda mrefu isiwashwe kwa pupa. Toa plagi, mimina mafuta mepesi kidogo katika kila silinda, uiache siku kadhaa, kisha uizungushe kwa mkono na spana. Ikizunguka bila kukwama, badilisha mafuta na chujio, safisha njia za petroli, na uizungushe kwa stata plagi zikiwa bado nje mpaka mafuta yapande. Kabureta mbili hizo zisawazishwe zivute hewa sawasawa, la sivyo injini itatetema na kula petroli bure.

Mwisho kabisa ndiyo rangi. Rangi ya zamani yaweza kuwa na risasi, hivyo ikwanguliwe kwa msasa wa maji, si mkavu, na watoto wawe mbali.

Na kwa kuwa kazi inafanyika nyumbani, usalama wa nyumba ni wajibu wa kwanza. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake; liweke juu ya stendi za chuma, wala si juu ya matofali, kwani tofali hupasuka bila kutoa onyo. Tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali kabla ya moto wa kuchomelea kuwashwa. Usilidharau kwa kuwa ni tupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja. Petroli, asidi na mafuta ya breki visiwekwe katika chupa za soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma hatari, huijua chupa tu. Dawa ya rejeta ina ladha tamu, nayo ni sumu; ifungiwe kabatini.

Pengine msomaji atauliza, kwa taabu yote hii, kuna haja gani? Haja ipo. Gari kama hili ni kumbukumbu ya ufundi wa wakati wake, na kwetu sisi ni kumbukumbu ya barabara na watu wetu pia. Zaidi ya hayo, ni shule. Kijana anayemsaidia baba yake kufungua breki, kusafisha kabureta na kuandika daftari hujifunza mambo atakayoyatumia katika gari lolote, na hujifunza pia kwamba kitu huaminika kwa uzima wake wa ndani. Siku gari litakapotoka bandani, mpitanjia ataisifu rangi. Mwenye nyumba na awe na hakika ya sakafu, mihimili na breki, kisha ndipo awapakie aliowapenda.

Juma lijalo, kwa majaliwa, tutaeleza jinsi ya kuitunza betri ili idumu.