Megapikseli si kila kitu, fundi wangu

Kijana, ukienda Luthuli Avenue jijini Nairobi kununua kamera ya usalama, swali lako la kwanza huwa lipi? Naweka dau ni hili: "Hii ina megapikseli ngapi?" Muuzaji anakutajia namba kubwa, unalipa, unaenda kufunga. Tayari umekuwa fundi wa kamera.

Sidharau kazi hiyo, inalisha wengi mtaani. Lakini kamera hazilindi mageti tu. Viwandani hukagua chupa, lebo na vifuniko vikipita mbio kwenye mkanda. Huko ukijua megapikseli peke yake, utaachiwa kuvuta nyaya huku mwingine akilipwa kupanga mfumo. Kinachowatenganisha ni istilahi chache tu, na hazihitaji digrii.

Anza na shata. Kamera nyingi za bei rahisi husoma picha mstari kwa mstari, toka juu hadi chini. Chupa ikipita kasi, inatokea imepinda kama imelewa. Kamera ya kiwandani hunasa picha nzima kwa mpigo mmoja.

Kisha muda wa mwanga. Mkanda ukienda mita 1 kwa sekunde na shata ikae wazi sekunde 1/1000, chupa imeshasogea milimita 1. Unataka kusoma maandishi madogo ya tarehe? Punguza muda huo, halafu ongeza taa. Megapikseli hazitakuokoa hapo, bana. Ukizirundika kwenye kihisi kilekile kidogo, kila pikseli inapata mwanga kidogo zaidi.

Sasa njoo kwenye mtandao, maana hapa ndipo wengi huanguka. Picha isiyo na rangi ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti 1, ni takriban megabaiti 2. Fremu 30 kwa sekunde ni kama megabaiti 62. Ethaneti ya gigabiti 1 haipitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde. Kamera ya nyumbani hukandamiza picha kabla ya kutuma, ila ya kiwandani mara nyingi huituma ikiwa ghafi. Ukiunganisha mbili kwenye njia moja imejaa, fremu zinaanza kupotea, na wewe unalaumu kamera!

Kuna pia waya mmoja wa ethaneti unaobeba umeme na data pamoja. Kikomo chake cha kawaida ni mita 100 toka kwenye swichi. Pima kabla ya kutoboa ukuta wa mtu.

Vyuo vyetu vya ufundi vifundishe haya, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka. Lakini usingoje chuo. Kamera ijayo utakayofunga, uliza: shata yake ni ya aina gani, mwanga upo wa kutosha, inatuma data kiasi gani, na waya una urefu gani? Ukiyajibu hayo manne, mwenye kiwanda hatakuita kijana wa nyaya tena.