Filamu ya Arusi Inapokwama Njiani

Jirani yangu alikesha usiku tatu akihariri video ya arusi ya bintiye. Kila alipoiamuru kompyuta itoe filamu nzima na kuiandika katika flashi, kazi ilikwenda vyema, kisha ikakatika ilipokaribia saa moja ya picha. Akailaumu programu, akaiondoa, akaiweka upya. Ikakatika palepale.

Flashi hiyo ilikuwa ya gigabaiti 32, na nafasi tele. Lakini ilikuwa imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, usiopokea faili moja lifikalo gigabaiti 4. Video ya megabiti 10 kwa sekunde hula megabaiti 75 kila dakika. Piga hesabu mwenyewe. (Lau kazi ingekatika mahali palepale hata ilipoandikwa kwenye diski nyingine, ningeshuku kipande kibovu cha picha.)

Dawa yake ni kuitoa filamu kwanza kwenye diski ya kompyuta yenyewe, kisha kuihamishia katika flashi iliyofomatiwa kwa exFAT. Hapo ndipo nilipomshika mkono jirani, maana kufomati hufuta kila kitu, na ndani ya flashi hiyohiyo mlikuwa na vipande vyote vya arusi, pamoja na dua ya bibi harusi aliyoombewa na nyanya yake, ambaye sasa ni marehemu. Havikuwa na nakala popote.

Tulivinakili kwanza. Alfajiri filamu ikakamilika: dakika 80, gigabaiti 6.