Usisasishe programu ya video kazi ikiwa mezani

Haya, nimerudi. Nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu hifadhidata lakini hiyo itangoja, kwa sababu wiki jana binamu yangu alinipigia simu na kuniuliza swali ambalo mwaka juzi nililijibu vibaya sana. Swali lenyewe ni fupi: "Kuna toleo jipya la programu ya video. Nisasishe?"

Binamu huyu huhariri video kwa riziki: harusi, ruracio, mahafali, mazishi. Mwaka juzi aliponiuliza ilikuwa Alhamisi, naye alikuwa akitengeneza video ya kumbukumbu ya marehemu aliyekuwa azikwe Jumamosi. Mimi na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta nikajibu bila kufikiri: "Sasisha tu, wanakuwa wamerekebisha hitilafu."

Akasasisha. Programu ikamwuliza kama igeuze mradi wake uwe wa muundo mpya, akakubali. Mradi ukafunguka, lakini majina yote yaliyoandikwa juu ya picha yalikuwa yamepotea, kwa sababu plagini aliyoitumia haikuwa na toleo linaloelewana na programu mpya. Alipojaribu kutoa video, kazi ikakwama katikati: dereva ya kadi ya grafiki ilikuwa ya zamani mno. Basi turudi tulikotoka, tukasema. Toleo la zamani likakataa katakata kufungua faili lililokwisha kugeuzwa.

Kilichotuokoa ni nakala ya Jumatano usiku ambayo programu ilikuwa imejihifadhia yenyewe. Kazi yote ya Alhamisi ilikwenda, pamoja na sauti za dada wawili wa marehemu alizokuwa ameshazipanga na kuzisafisha. Tulimaliza saa kumi alfajiri ya Jumamosi na sauti ya dada mmoja haikuwahi kuingia. Aliyesimama pale kaburini kumwomba radhi ni binamu, si mimi.

Nimefikiria kwa nini nilimjibu vile. Sisi wa kuandika programu tumezoea kurudi nyuma. Nikiharibu kitu leo, kwa amri moja narudi kwenye hali ya jana. Faili la mradi wa video halina adabu hiyo. Ni njia ya kwenda tu: programu mpya hufungua faili la zamani na kuligeuza, ya zamani haifungui jipya. Ndivyo Premiere Pro ilivyo. (Faili lake, kwa wenye udadisi, ni XML iliyobanwa kwa gzip. Ukilifungua na kupunguza namba ya toleo iliyoandikwa ndani, mara nyingi toleo la zamani hukubali kulisoma. Ni ujanja wa kuzima moto, usiufanye desturi.) DaVinci Resolve nayo huweka miradi ndani ya hifadhidata, na ukiingia toleo kuu jipya itakuomba uipandishe hifadhidata hiyo. Ukishaipandisha, toleo la zamani haliitambui tena.

Lakini tusijifanye kwamba kusasisha vibaya ni kosa la wanaoanza. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Juni 2011, Apple ilipotoa Final Cut Pro X kwa dola 299.99. Ilikuwa programu iliyoandikwa upya kabisa, ya biti 64, yenye kasi. Ila haikuweza kufungua miradi ya Final Cut Pro 7! Haikuwa na uhariri wa kamera nyingi kwa pamoja, wala njia ya kupeleka kazi kwa XML kwenye programu nyingine za sauti na rangi. Na wakati huohuo Apple ikaacha kuuza Final Cut Studio ya zamani. Wahariri wa kipindi cha Conan O'Brien wakatengeneza video ya kuikejeli, ikaonyeshwa hewani. XML ilikuja Septemba 2011, kamera nyingi Januari 2012. Yaani miezi saba hivi. Aliyengoja miezi saba alipata programu nzuri, na aliyeruka siku ya kwanza kazi ikiwa mezani alipata kilio.

Sasa upande wa pili. Filamu ya Korea Kusini, Parasite, ilitoka 2019 na mwaka wa 2020 ikashinda Oscar ya filamu bora, tena ikateuliwa hata kwa uhariri. Ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, programu iliyotoka 2009 na ambayo mtengenezaji wake alikuwa ameshaiacha kwa miaka kadhaa. Kila nikiona mtu akisema hawezi kufanya kazi nzuri bila kitufe kipya cha mwaka huu, namkumbuka mhariri huyo.

Hata hivyo sisemi tukae palepale milele. Final Cut Pro 7 ni ya biti 32, na macOS Catalina ya 2019 iliondoa programu zote za biti 32. Kwa hiyo anayeipenda lazima aigandishe kompyuta nzima: mfumo wa zamani, mashine ya zamani, na siku ikiharibika anaanza kuzunguka mjini akitafuta mashine ya mtumba inayofanana nayo. Halafu mteja anakuja na kamera mpya ambayo video zake programu yako haizisomi, au mhariri mwenzako anakutumia mradi wa toleo la juu. Siku hiyo umechelewa. Pia tangu 2019 Adobe huwaruhusu wateja wa Creative Cloud kupakua matoleo makuu mawili tu ya karibuni, kwa hiyo ukibaki nyuma sana na kompyuta ikaibiwa, hutalipata toleo lako tena.

Jambo lililotuharibu wengi nadhani ni bei. Zamani toleo jipya lililipiwa, na pesa hizo zilikuwa breki: ulikaa chini ukajiuliza kama unalihitaji. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa kulipia kila mwezi au mwaka tu. Wenye leseni ya DaVinci Resolve Studio nao wamepata matoleo makuu mengi bila kulipa tena. Kwa hiyo kusasisha kumebaki kubonyeza kitufe tu, na gharama yake huioni mpaka Ijumaa usiku. (Bando la gigabaiti kadhaa ndiyo breki pekee iliyobaki kwetu hapa Kenya, na mwenye WiFi ya ofisi hana hata hiyo.)

Maoni yangu basi, baada ya kuungua: kaa toleo moja kuu nyuma, na usihame kwa sababu ya orodha ya mapya. Hama ukiwa na kitu kimoja unachoweza kukitaja ambacho toleo lako limeshindwa kufanya, na uhame wiki ambayo huna kazi ya mtu. Toleo linaloishia na sifuri waachie wenye muda. Kabla ya kuweka jipya, nakili miradi yako kwenye diski ya nje na uchomoe waya. Kwa Premiere, angalia chaguo za ziada wakati wa kuweka, uondoe alama pale inapotaka kufuta matoleo ya awali, ili yote mawili yakae pamoja. Resolve hukalia toleo la zamani, kwa hiyo fanya nakala ya hifadhidata kwanza na uhifadhi faili la kusakinishia la zamani. Kisha chukua nakala ya mradi uliokwisha kulipwa, uufungue kwenye toleo jipya na uutoe mpaka mwisho, asilimia 100. Kufunguka peke yake hakuthibitishi kitu. Wetu pia ulifunguka.

Wiki jana nilimwuliza binamu anataka nini kwenye toleo jipya. Akanyamaza kidogo, akasema kuna kitu cha kuandika maneno yanayosemwa moja kwa moja kutoka kwenye sauti, kingemwokolea saa nyingi. Hiyo ni sababu, nikamwambia. Una kazi gani mezani? Harusi moja, ya tarehe 14.

Tumekubaliana nitakwenda kwake tarehe 16, na diski mbili.