Nzi wa Matunda: Vita Viko Chini ya Mti

Msimu wa maembe ufikapo, nyumba nyingi za Kahororo hupatwa na huzuni ile ile: embe zuri kwa nje, likikatwa mbele ya watoto, latoka funza. Mapera nayo ni vivyo hivyo. Wengi wetu hukimbilia bomba la dawa. Tunashauri bomba liwekwe chini kwanza, adui ajulikane.

Adui huyo ni nzi wa matunda. Wapo wa asili ya Afrika, lakini mkali zaidi ni mgeni kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, kisha akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimwita Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Baadaye ikabainika kuwa ndiye Bactrocera dorsalis wa Asia.

Jike hutoboa ganda la tunda linalokaribia kuiva na kutaga mayai ndani. Baada ya siku moja au mbili funza huanguliwa, nao hula nyama ya tunda kwa muda wa wiki moja hivi. Tunda huanguka, funza hutoka, hujichimbia udongoni sentimita chache, na humo hugeuka kuwa nzi. Huku kwetu mvua ni nyingi, na maembe yakiisha mapera yapo. Nzi hakosi chakula wala malazi.

Basi dawa ya kupuliza haimfikii funza aliye ndani ya tunda. Hubaki kwenye ganda, ambalo mtoto hulitia mdomoni akiwa bado mtini, na huua nyuki wasio na kosa.

Lililo la faida ni kuokota kila tunda lililoanguka, kila siku, na kuchuma yaliyotobolewa. Yafukiwe katika shimo, yafunikwe kwa udongo usiopungua sentimita 50, au yafungwe ndani ya mfuko wa nailoni usio na tundu, uanikwe juani siku kadhaa. Desturi yetu ya kurundika taka kwenye mashina ya migomba ni njema kwa majani na maganda. Kwa tunda lenye funza, ni kumtandikia adui kitanda.

Mapera machache yaweza kufungwa kwa karatasi yakingali mabichi. Lakini kurasa zenye aya tukufu zisitumiwe kwa kazi hiyo. Na wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa kiota, waitwao maji moto, wasichomwe: huwafukuza nzi wasitage.

Hata hivyo, vibanja vyetu havina kuta. Migomba ya huyu hugusana na ya yule, na nzi haulizi mpaka. Atakayeokota peke yake atatoka jasho bure, huku matunda ya jirani yakiozea chini. Hapo ndipo lawama huzaliwa, na watu wa mtaa mmoja kunyimana salamu kwa sababu ya maembe.

Tunapendekeza majirani wakubaliane, hata kwa dakika chache baada ya swala ya Ijumaa, kuokota kwa pamoja msimu mzima. Na pale penye bibi au babu asiyeweza tena kuinama, vijana waanzie kwake, kabla ya kurudi kwenye miti ya kwao.