Mvua ya Kariakoo Haiujazi Mto Ruvu



Kaa katika baraza yoyote ya Dar es Salaam siku inapoanguka mvua ya kwanza ya vuli, utamsikia mtu akishusha pumzi na kusema: alhamdulillahi, shida ya maji imekwisha. Kumshukuru Mola ni wajibu wetu sote. Lakini hiyo nusu ya pili ya maneno yake si kweli, na ni uongo unaotugharimu. Maji mengi yatokayo katika mabomba ya mji huu hayakunyesha Kariakoo wala Temeke. Yamenyesha Uluguru.

Milima ya Uluguru iko Morogoro, karibu kilomita 200 kutoka baharini, na kilele chake kirefu kimepita mita 2,600. Pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi hugonga ubavu wake wa mashariki, zikapanda, zikapoa, zikamwaga maji. Huko mvua hufika hata milimita 3,000 kwa mwaka, ilhali ubavu wa magharibi hupata chini ya nusu ya hiyo. Msitu hunasa hata ukungu, na udongo wake huyanywa maji na kuyatoa kidogo kidogo katika vijito muda mrefu baada ya mvua kukatika. Vijito hivyo ndivyo Mto Ruvu. Mto hupita Mlandizi, ulipo mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959, kisha Bagamoyo, ulipo mtambo wa Ruvu Chini wa mwaka 1976, na kinachobaki huingia baharini. Basi mvua ikikulowesha wewe Magomeni na huko mlimani jua linawaka, ulichopata ni matope.

Tulionyeshwa hayo mwaka 2022. Mwanzoni mwa Septemba ya mwaka huo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mwelekeo wa vuli: wastani hadi chini ya wastani. Habari ilisomwa redioni, ikaandikwa magazetini, nasi tukaendelea kumwagilia maua. Mwishoni mwa Oktoba mto ukashuka, na mitambo iliyozoea kutoa lita milioni 466 kwa siku ikawa inatoa kama milioni 300. Mgao ukaanza. Mama wa nyumba akakesha akingojea bomba likohoe usiku wa manane, na mwenye mkokoteni wa madumu akapandisha bei apendavyo. Tajiri aliita boza likamjazia tangi. Maskini alirudi kwenye kisima cha chumvi.

Nasema basi: hatukukosa onyo, tulilidharau. Na wanaolidharau hunijia na hoja ya dini. Huniambia, sheikh, elimu ya mvua iko kwa Mwenyezi Mungu, na hawa wa Mamlaka ni sawa na wapiga ramli. Ajabu kubwa! Babu zetu walijua mwezi wa kusubiri kaskazi na mwezi wa kusubiri kusi, wakapakia majahazi kwa hesabu hiyo, na hakuna aliyemwambia nahodha kuwa amedai ghaibu. Alikuwa akiisoma ada aliyoiweka Mungu katika pepo. Mamlaka hufanya vivyo hivyo kwa vyombo vikubwa zaidi. Hutazama joto la bahari: Bahari ya Pasifiki ikipoa, hali iitwayo La Niña, vuli yetu mara nyingi huwa haba, ikipata joto, yaani El Niño, mara nyingi huzidi. Mwaka 2022 ulikuwa wa tatu mfululizo wa La Niña. Mwaka 2023 ilikuja El Niño, Mamlaka ikaonya juu ya mvua kubwa, na mafuriko yakaja. Wala hawasemi kwa yakini kuwa Jumanne itanyesha shambani kwa fulani. Husema lipi lina uwezekano mkubwa zaidi, na huweza kukosea, kama tabibu anavyoweza kukosea na bado tunampelekea wagonjwa.

Utaniambia Nabii Yusuf alijua miaka ya ukame kwa wahyi. Ni kweli. Lakini nafaka haikuingia ghalani kwa wahyi, iliingia kwa mikono ya watu.

Liko neno jingine linaloniudhi kuliko hilo, nalo ni kuwalaani Waluguru kwamba wametukausha kwa kulima milimani. Anayesema hivyo jana yake amekula kabichi ya Mgeta! Ukoloni nao uliwaona watu hawa kuwa ndio ugonjwa wa mlima, ukawalazimisha kuchimba matuta kwa amri. Mwaka 1955 fujo zikazuka, mtu akauawa, na mpango ukavunjika. Sikatai kuwa moto na kufyeka miteremko huupora mto, na ni vyema misitu ya juu ilifanywa hifadhi ya mazingira mwaka 2008. Lakini mwenye shamba la robo eka hawezi kuliacha lipumzike kwa ajili ya bomba la mtu wa mjini asiyemjua. Baada ya mwaka 2006 palifanyika jaribio la kuwalipa wakulima wa huko wanaohifadhi udongo, na shirika la maji la Dar es Salaam likachangia. Huo ndio uadilifu: anayekunywa amlipe anayetunza. Nyongeza ndogo katika ankara zetu ingefaa kuliko laana elfu.

Na viongozi wasijifiche nyuma ya mawingu. Bwawa la Kidunda, la mita za ujazo milioni 190, lilizungumzwa kwa zaidi ya miaka 50. Kwa hesabu tupu, bila kutoa yatakayofukizwa na jua wala haki ya mto wenyewe, hayo ni maji ya mitambo yote miwili kwa zaidi ya mwaka mzima. Mkataba wa kulijenga ulitiwa saini Novemba 2022, mji ukiwa tayari una kiu.

Sisi nasi tuna letu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa maji ya kadiri ya kibaba. Nenda msikiti wowote wakati wa adhuhuri uone bomba linavyoachwa likimwagika huku mtu akizungumza na mwenzake.

Mwelekeo wa vuli hutolewa kila mwaka mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na mvua hungojewa kuanzia Oktoba. Kamati ya msikiti ina mwezi mzima wa kusafisha tangi, kutengeneza michirizi ya bati na kubadili koki zinazovuja. Na Mamlaka ya Maji, ikisikia "chini ya wastani", itoe ratiba ya mgao Septemba ileile, mtaa kwa mtaa, Masaki na Mbagala kwa saa zilizo sawa, wakati mto bado una maji ya kugawa.